Sura ya Sita: Mkutano Ulifanyika Ng'ambo

Masika ikikolea, bahari ya Kilindoni hubadilika rangi. Maji yanayopiga ufukwe wa magharibi mwa Mafia huwa ya kahawia, mazito, yamebeba majani yaliyooza, mafungu ya magugu, na mara nyingine gogo zima lenye mizizi yake. Mafia haina mto wa kuleta gogo la namna hiyo. Limetoka Rufiji, limepita katikati ya mikoko ya delta, limevuka mlango wa bahari wa kilomita kama 20, likaja kupwelea mbele ya mashua za watu waliokuwa hawalingoji. Siku hiyohiyo, upande wa mashariki wa kisiwa, kwenye ghuba ya Chole, maji yanaweza kuwa maangavu hata aliyesimama kwenye ngalawa akayaona matumbawe chini.

Mvuvi wa Kilindoni halilaani tope hilo. Anajua ndilo linalolisha bahari yake. Kamba huzaliwa baharini, lakini wakiwa wachanga, wadogo kuliko punje ya mchele, huchukuliwa na maji kujaa hadi kwenye vijito vya delta, wakajificha kwenye mizizi ya mikoko, wakala, wakakua, kisha wakarudi baharini wakiwa wakubwa. Dagaa hufuata maji yenye rutuba, na papa potwe, yule samaki mkubwa kuliko wote duniani, hufuata vijidudu na vikamba vidogo. Kuanzia Oktoba hadi Machi papa potwe huonekana karibu kabisa na Kilindoni, na wavuvi wa dagaa huzungusha nyavu zao palepale alipo, kwa kuwa wamemjua kama dalili ya riziki. Chakula hicho chote kina uhusiano na mto ambao kwenye ramani ya utawala si wa Mafia. Delta iko wilaya ya Kibiti, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Rufiji. Mafia ni wilaya nyingine, ina mkuu wake wa wilaya na halmashauri yake.

Naomba msomaji alishike jambo hilo, maana serikali inapopima athari za mradi huanza kwa kuchora mstari kwenye ramani. Aliye ndani ya mstari huitwa mwathirika na huulizwa. Aliye nje husikia habari redioni.

Katikati ya miaka ya 1990 kampuni iliyoitwa African Fishing Company ilipeleka serikalini ombi la kufuga kambamiti katika delta ya Rufiji. Mabwawa yaliyokusudiwa yalikaribia hekta 10,000, yaani kilomita za mraba 100. Kisiwa kikuu cha Mafia chote hakifiki kilomita za mraba 400, kwa hiyo hebu chukua robo ya Mafia, ichimbe, ijaze maji na kamba, ndipo utaelewa ukubwa wake. Delta yenyewe ina msitu wa mikoko wa hekta zipatazo 53,000, mkubwa kuliko wote ulio mahali pamoja katika pwani hii yetu. Ndani yake wanaishi watu maelfu, walimao mpunga, wavuao samaki, wakatao boriti, na wanaofuata mto kwa kilimo cha mlau: maji ya mafuriko yakipungua, wao huteremka kupanda kwenye ardhi iliyobaki na unyevu.

Mtu wa mjini angeweza kuuliza kosa liko wapi, kwani kamba wanafugwa na delta ni nyumba ya kamba. Jibu liko kwenye namna mabwawa yanavyofanya kazi. Bwawa la kamba linahitaji maji ya bahari kuingia na kutoka kila mara. Maji yanayotoka yana mabaki ya chakula, kinyesi na dawa. Mahali pa kulichimba ni hapo hapo nyuma ya mikoko, na mara nyingi ndani ya mikoko. Thailand na Ecuador zilikuwa zimekwisha kupoteza maeneo makubwa ya mikoko kwa ufugaji huo kabla sisi hatujaanza hata kuujadili, na mashamba mengi huko yalipigwa na magonjwa yakaachwa. Na mkoko uliokatwa unamnyima kamba wa porini chumba cha kulelea, yule ambaye mvuvi wa pande zote mbili za mlango wa bahari anamtegemea bila kumlisha hata siku moja.

Wakati ule Tanzania haikuwa na sheria ya jumla iliyolazimisha mradi kufanyiwa Tathmini ya Athari kwa Mazingira, TAM kama wanavyoiita maofisa. Kulikuwa na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1983, lakini kazi yake ilikuwa kushauri. Kampuni iliandaa tathmini, Baraza likaipitia pamoja na wataalamu wa fani mbalimbali, likaona mapungufu, likashauri mradi usikubaliwe. Novemba 1997 Baraza la Mawaziri likaukubali kwa masharti.

Hapo ndipo umma ulipoingia, tena kwa mlango ambao haukuwa umefunguliwa kwa ajili yake. Waandishi wa habari za mazingira kupitia chama chao, JET, waliandika. Wanasheria wa LEAT walisimama na wanakijiji wa delta, wakafungua kesi Mahakama Kuu. Vijiji havikuwa na kauli moja, na ni haki kusema hivyo: wapo waliouona mradi kama ajira, na mtu aliyekaa miaka bila barabara wala zahanati ya maana hastahili kulaumiwa kwa kutamani ajira. Wapo waliosema hawatahama. Mabishano yakachukua miaka. Mwisho wake ni kwamba mabwawa yale hayakuchimbwa, na mikoko ya Rufiji bado imesimama, mkandaa na mchu na msikundazi, ingawa inakatwa na wengine kwa njia nyingine.

Kesi ya kamba wa Rufiji iliwafundisha watunga sheria wetu somo zito kuliko warsha nyingi. Ushauri wa kitaalamu usiokuwa na meno unaweza kuwekwa pembeni. Wananchi wasiokuwa na nafasi rasmi ya kusema watakwenda mahakamani, na kesi ni ghali kuliko mkutano. Mwaka 2004 Bunge likapitisha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, Namba 20, na mwaka uliofuata zikatoka kanuni za tathmini na ukaguzi wa mazingira. Sasa mradi wa aina zilizotajwa hauruhusiwi kuanza bila tathmini kufanyika na cheti kutolewa kwa mamlaka ya Waziri mwenye dhamana ya mazingira. Baraza halipendekezi tena kwa hisani.

Njia yenyewe inakwenda hivi, na nitaipita haraka isipokuwa hatua moja. Mwenye mradi anausajili. Baraza linauchuja kuona uko daraja gani: marekebisho ya mwaka 2018 yaliigawa miradi kuanzia ile ambayo lazima ifanyiwe tathmini kamili hadi ile midogo isiyoihitaji. Kisha yanabainishwa mawanda, zinaandikwa hadidu za rejea, wataalamu waliosajiliwa wanafanya utafiti na kuandika taarifa. Kamati ya ushauri inaipitia, inakwenda kuona eneo, panapohitajika unaitishwa mkutano wa hadhara wa kusikiliza maoni, halafu uamuzi unatolewa.

Hatua ninayotaka tuikalie ni ya mawanda. Neno lenyewe linapita masikioni bila kugusa kitu, na ndiyo sababu watu wanaiacha ipite. Hapo mtaalamu aliyesajiliwa, anayeitwa mshauri elekezi, anaamua mradi utafika wapi: hewa yake, maji yake, kelele zake, magari yake. Anaamua vijiji vya kutembelewa. Anaandika orodha ya wadau. Yote yanayofuata, hata yafanywe kwa uadilifu mkubwa kiasi gani, yatafanywa ndani ya orodha hiyo. Kama mawanda yameishia kwenye mdomo wa mto, hakuna mtaalamu atakayelipwa kuvuka kwenda Kilindoni kuuliza dagaa wanakwenda wapi maji yakibadilika. Na kwa kuwa hakutumwa, hatakuwa ameficha kitu, na taarifa yake itakuwa safi kabisa.

Wenzetu wa Lamu wameliona hili kwa macho. Kituo cha umeme wa makaa ya mawe cha megawati 1,050 kilipangwa kujengwa Kwasasi, upande wa bara, kilomita kama 20 kutoka mji wa kale wa Lamu ulio kisiwani. Kampuni ya Amu Power ilipata leseni ya mamlaka ya mazingira ya Kenya mwaka 2016. Shirika la Save Lamu na wakazi wakapinga mbele ya Mahakama Maalumu ya Mazingira, na tarehe 26 Juni 2019 leseni ikafutwa. Mikutano ilikuwa imefanyika, hilo halikubishaniwa sana. Lakini ilifanyika mapema, wakati wa kuutambulisha mradi, kabla utafiti wenyewe haujakamilika. Watu walikuwa wameulizwa maoni juu ya kitu ambacho hakijaandikwa, na kilipoandikwa hawakurudiwa ipasavyo. Mahakama iliona huko si kushirikishwa.

Neno hilo, kushirikishwa, lina maisha mawili katika vijiji vyetu. Kwenye sheria lina maana ya kupewa sehemu katika uamuzi. Mdomoni mwa ofisa aliyechoka na safari, “tumekuja kuwashirikisha” mara nyingi ina maana ya kuja kuwaarifu. Wananchi wamekwisha kulielewa, ndiyo maana mkutano ukiisha utasikia mtu akiuliza kwa sauti ya chini: tumeombwa, au tumeambiwa? Kuna na neno lingine ninaloliogopa zaidi, “kutoa uelewa”. Linachukulia kwamba uelewa uko kwa mgeni peke yake, na mwenyeji kazi yake ni kuupokea.

Mafia ina kumbukumbu yake katika jambo hili, na si ya mradi wa kiwanda bali ya hifadhi. Mwaka 1994 ilipitishwa Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu, na mwaka 1995 ikatangazwa kisiwani Mafia hifadhi ya kwanza ya bahari nchini, kilomita za mraba 822, ikizunguka Chole, Juani, Jibondo na pande za Utende. Mwanaanthropolojia Mmarekani Christine Walley aliyeishi Chole aliandika kitabu kizima juu ya hifadhi hiyo, kilichotoka mwaka 2004. Picha anayoichora inapaswa kumgusa kila mpanga mipango: wengi kisiwani waliipokea hifadhi kwa matumaini, kwa sababu walikuwa wamechoshwa na wavuvi wa baruti waliotoka nje na kuvunja matumbawe yao. Walitaka nguvu ya kuulinda mwamba wao. Malalamiko yaliyokuja baadaye yalihusu nani hasa ana kauli, na kwa nini vizuizi vilimwangukia mwenye mtumbwi. Watu hawakuukataa ulinzi wa bahari. Walikataa kuwa wageni katika ulinzi wake.

Kwa hiyo asije mtu akaniambia kwamba kuwauliza watu wa visiwani ni kukaribisha upinzani. Mafia inataka maendeleo, na imeyangoja kwa muda mrefu kuliko wilaya nyingi za bara. Uwanja wa ndege wa Kilindoni ulipojengwa upya kwa lami kwa msaada wa Marekani kupitia mpango uliomalizika mwaka 2013, kisiwa kilifurahi, na kilikuwa na haki. Kila mwenye mgonjwa wa kupelekwa Dar es Salaam anajua thamani ya njia ya ndege isiyogeuka tope. Tathmini nzuri haipo kwa ajili ya kukataa. Ipo ili mtu aseme mapema: hapa mnapotaka kupitisha mtaro ndipo maji ya mvua hupita kwenda kisimani. Maneno kama hayo, yakisemwa kabla ya katapila kufika, yana gharama ya soda na kiti cha kukalia. Yakisemwa baadaye yana gharama ya kubomoa.

Sasa turudi mtoni, kwenye mradi mkubwa kuliko yote iliyowahi kuugusa mto Rufiji. Desemba 2018 serikali ilisaini mkataba wa kujenga bwawa la umeme la Julius Nyerere, megawati 2,115, pale Stiegler's Gorge, mahali ambapo wazo la bwawa limekuwa likizungumzwa kwa miongo mingi. Ujenzi ulianza 2019, maji yakaanza kujazwa Desemba 2022, na mtambo wa kwanza ukaanza kutoa umeme Februari 2024. Mjadala wa kimataifa ulikuwa juu ya Selous, pori ambamo bwawa lilijengwa, kwa kuwa pori hilo liko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1982. Ndani ya nchi mjadala ulikuwa juu ya umeme, na mimi kama mtu aliyekaa gizani usiku mwingi wa mgawo sitajifanya kwamba umeme ni jambo dogo.

Lakini bwawa lina tabia moja ambayo haina siasa: linatuliza maji, na maji yaliyotulia huangusha tope. Tope lililobaki nyuma ya ukuta halifiki delta. Mikoko hujengwa na tope, na ukanda wa pwani hushikwa na tope. Kamba, dagaa na papa potwe tuliokutana nao mwanzoni mwa sura wana hesabu yao katika tope hilo. Sheria ya 2004 inataka miradi mikubwa ya maji na umeme wa maji ifanyiwe tathmini ya kimkakati, inayotazama bonde zima na si eneo la ujenzi tu. Bonde la mto Rufiji kwa mwanajiografia linaishia pwani. Kwa mvuvi linaishia pale maji ya kahawia yanapokutana na ya bluu, na mpaka huo unahama kwa misimu, kusi likivuma na kaskazi likirudi.

Je, ng'ambo hii ya Mafia iliwekwa kwenye mizani inavyostahili? Jibu langu ni kwamba swali hilo halijafungwa, na sheria yenyewe inaniunga mkono. Tathmini haiishii kwenye cheti. Kanuni zinataka ufuatiliaji na ukaguzi wa mazingira mradi ukiwa unafanya kazi, kulinganisha yaliyotabiriwa na yanayotokea. Hapo ndipo Mafia inapoweza kuingia leo bila kumpinga mtu. Kinachotakiwa ni vipimo vya tope na chumvi katika mlango wa bahari, mwaka hadi mwaka, na daftari la samaki wanaoshushwa Kilindoni, likiwekwa mahali ambapo kamati ya mazingira ya kijiji inaweza kulisoma. Wazee wa uvuvi wanaoweza kusema mwaka gani maji yalichelewa kuwa ya kahawia ni chombo cha upimaji ambacho hakuna maabara inayokiuza.

Kuna na mambo madogo, ambayo kwa maoni yangu ndiyo yanayoua ushirikishwaji kuliko hila yoyote. Kanuni zinataka mradi utangazwe kwa mabango sehemu za wazi karibu na eneo, gazetini kwa wiki mbili mfululizo, na redioni kwa Kiswahili na Kiingereza. Zinataka pia muhtasari wa taarifa uwepo kwa Kiswahili, katika lugha isiyo ya kitaalamu. Ni kanuni njema. Lakini ukiiona taarifa kamili mezani kwa ofisa mtendaji utaelewa tatizo. Ni kitabu kinene cha Kiingereza, kina majedwali ya zebaki na risasi na majina ya Kilatini ya nyasi, na juu yake kurasa chache za Kiswahili zilizobanwa kwa pini. Jedwali la madhara liko kwenye kile kinene. Ahadi za ajira ziko kwenye zile chache. Muhtasari wa haki ungeanza na jedwali.

Halafu saa ya mkutano. Barua inasema saa nne asubuhi, tarehe fulani, viwanja vya shule. Aliyeandika barua alitazama kalenda ya ukutani. Hakutazama mwezi. Siku za bamvua, maji yanapokupwa hadi mbali na mwamba ukabaki wazi, wanawake wa Jibondo na Juani wako huko nje na vijiti vyao, wameinama, wanachungulia mashimo. Pweza hujitambulisha kwa vitu vidogo: maganda ya kaa yaliyorundikwa mlangoni mwa shimo, vijiwe vilivyopangwa kama vile mtu amevipanga. Ukikosa saa mbili hizo umekosa siku, na siku za bamvua kwa mwezi zinahesabika. Hakuna mama atakayeacha chakula cha wiki ili akasaini karatasi ya mahudhurio. Mkutano utafanyika, watakuwepo wanaume wenye nafasi, mwenyekiti atafungua kwa salamu na dua, na taarifa itaandika kwamba wanawake wa kijiji hawakuwa na hoja. Mkutano huohuo ukiitishwa siku za maji mafu, wakati bahari haina cha kutoa, wale wanaoujua mwamba shimo kwa shimo watakuwa wamekaa mbele.

Mshauri elekezi yeyote anayesoma kurasa hizi anaweza kulitimiza hilo kesho, bila kibali cha mtu, kwa kumuuliza nahodha aliyemleta.

La mwisho ni la mstari kwenye ramani. Anayesubiri maji yajae pale Nyamisati, upande wa delta, ili chombo kielee kwenda Kilindoni, ana muda mwingi wa kusoma kilichobandikwa ukutani: nauli, mikutano ya kisiasa, chanjo. Siku tangazo la mradi mwingine wa mtoni au wa delta litakapobandikwa hapo, wenye dhamana NEMC na halmashauri zote mbili wahakikishe nakala yake inavuka, inabandikwa Kilindoni, Bwejuu na Jibondo, na mkutano wa pili unaitishwa huko kabla mawanda hayajafungwa. Na wewe msomaji wa Mafia, usipoiona nakala hiyo, nenda ofisi ya mtendaji ukaiulize. Ni haki yako kwa sheria ya mwaka 2004.